Kiluguru Uwanja wa Pili

Alhamisi, 12 Juni

Kosa la watu wengi ni kudhani mchujo wa tenisi ni mazoezi. Si mazoezi. Mchezaji wa mchujo hana nafasi, amekuja kuitafuta. Akishindwa mechi moja, anafunga begi. Wenye nafasi zao bado wako hotelini wanakula mayai.

Chai, muhogo, dawa ya presha. Bodaboda kutoka Bigwa hadi klabu. Mjukuu wangu Editha ameshinda mechi ya kwanza bila taabu. Amebakiza mbili. Baba yake amempa mwaka huu tu: asipoingia mashindano yenyewe, raketi inawekwa na anarudi chuo. Hilo limenikaa kifuani kuliko linavyomkaa yeye.

Ijumaa, 13 Juni

Ameshinda. Siwezi kufurahi.

Sheria yao ni nyepesi. Mchezaji akishaingia uwanjani, mtu wa nje hamwelekezi. Makofi ruksa. Kumtaja jina ruksa. Zaidi ya hapo, hapana.

Seti ya kwanza Editha alipoteza. Mpinzani wake, Mwanaidi, binti mrefu kutoka Dar es Salaam, alikuwa mtulivu kama yuko kwao. Lakini niliona kasoro: mpira wa juu, upande wake wa kushoto, unamsumbua. Editha hakuiona. Nilikuwa nimekaa karibu na uzio wa Uwanja wa Pili. Nikamwambia kwa Kiluguru. Aliangalia chini, akapiga juu, kushoto. Pointi. Nikaendelea, kila baada ya mipira michache.

Mwamuzi, kijana mgeni hapa Morogoro, akaja usawa wangu.

"Shikamoo, mzee. Unamwambia nini mchezaji?"

"Marahaba. Namwombea."

"Basi omba kimoyomoyo, mzee wangu. Mungu anasikia hata hivyo."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaendelea na sala yangu, chini kidogo. Editha akachukua seti mbili zilizobaki.

Nimefundisha jiografia mpaka kustaafu. Nimewatoa watoto kwenye chumba cha mtihani kwa kunong'ona kidogo kuliko huko.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya kupumzika. Nilimsindikiza Editha klabu akanyooshe viungo. Getini alikuwepo Mwanaidi na begi lake, anasubiri bajaji ya kumpeleka stendi. Akanipa mikono miwili na kunisalimia. Kwa Kiluguru. Kile cha Kinole hasa, cha watu wazima.

Nikamuuliza amekijulia wapi.

"Bibi yangu ni wa Kinole, babu. Ndiye aliyenilea."

"Kwa hiyo jana ulisikia."

"Nilisikia."

"Mbona hukumwambia mwamuzi?"

"Ningemwambiaje yule kaka kwamba babu anadanganya?"

Nikamwambia angalau angeyatumia maneno yangu, maana alijua mpira unakwenda wapi. Akatikisa kichwa.

"Hayakuwa yangu. Nilikuwa najitahidi nisiyasikie, ndiyo maana nikawa nachelewa."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Bajaji ikaja, akaniaga vizuri. Mimi sikusema hata samahani. Nilianza kumweleza habari za baba yake Editha, na ule mwaka mmoja, mpaka bajaji ikaondoka.

Maisha yangu yote nimedai watoto wawe na adabu kwa wakubwa. Adabu hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo. Nami nikaitumia.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nilimsimulia Editha habari za Mwanaidi, na kwamba naenda kukiri kwa waamuzi. Akaweka kikombe chini.

"Na mimi nilikusikiliza, babu. Twende wote."

Mwamuzi mkuu, mama wa makamo, alitusikiliza hadi mwisho. Mechi ikishasainiwa haifutwi, alisema. Editha akapewa onyo. Mimi nikazuiwa kuvuka geti. Nilitaka adhabu kubwa kuliko hiyo.

Nikakaa nje, kwenye benchi la mama muuza ndizi. Unasikia mpira, huuoni. Unasikia makofi, hujui ni ya nani. Haikuchukua muda. Seti mbili kwa bila, Editha hakupata hata moja.

Alipotoka nikampokea begi. Alisema mwenyewe: "Kila nikikwama nilikuwa nageukia uzio."

Kumbe huo ndio msaada niliompa.

Jumatatu, 16 Juni

Ukungu umeshuka mpaka migombani. Editha bado amelala. Raketi ziko mlangoni, hajazifungua.

Jana jioni nilimpigia baba yake nikamweleza yote, nikamwomba amwongezee mwaka, kwa kuwa mwaka huu nimeuharibu mimi. Akasema, "Baba, umeniangusha." Halafu akasema chuo ni Oktoba. Sikubishana naye.

Jana usiku Editha aliniandikia namba ya Mwanaidi. Nimeitazama tangu alfajiri. Kwetu mzee hatafuti namba ya mtoto ili amwombe radhi, na nimekuwa nikitafuta namna ya kuanza: nitaje sheria kwanza, au bibi yake, au umri wangu.

Najiandikia hapa: mpigie leo, sema samahani, usieleze.