Yowe la Kwa Loisi

Japani, 12 Mei 2024

Kaka Lameck,

Shikamoo. Hamjambo hapo Haneti, wewe, wifi Hilda na watoto? Mimi ni mzima, ila baridi inanichapa, na wenyeji wananiambia eti joto ndiyo kwanza linaanza. Usicheke.

Chuoni nakwenda kwa baiskeli. Masomo ya udongo nayaweza, kinachonishinda ni taka. Leo unatoa za kuchomwa, kesho chupa, keshokutwa makopo. Juzi nilichanganya, nikakuta mfuko wangu umerudishwa mlangoni na karatasi nyekundu, kama mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa sare. Na kimya cha huku, kaka! Watu wanajaa kwenye treni na husikii hata mtu akikohoa. Nikiwaamkia kwenye ngazi wanainama tu.

Jirani ninayepakana naye ukuta ndiye rafiki yangu. Anaitwa Hana. Nilipomwambia kwetu nina shangazi Hana alicheka mpaka akafunika mdomo. Mimi ananiita Yudisu, ulimi wake haufiki zaidi ya hapo.

Ila mumewe anampiga. Jumapili iliyopita mchana alimgonga kichwa ukutani hadi kikombe changu kikadondoka kutoka kwenye rafu. Wapangaji walikuwepo, viatu vyao niliviona milangoni. Hakuna aliyetoka. Kesho yake Hana aliniambia alianguka bafuni, na jicho lake moja lilikuwa halifunguki. Nimekosa raha kabisa. Kaka, nifanye nini?

Mdogo wako,
Yudith

*

Haneti, 3 Juni 2024

Mdogo wangu Yudith,

Marahaba mama. Picha ya barua yako tumeisoma kwenye simu. Sisi wazima. Uwele tumevuna kidogo, ndege walitutangulia. Wifi yako anauliza kama ule mwiko aliokupa bado unasongea ugali au umewaachia Wajapani wauweke makumbusho.

Unaniuliza ufanye nini? Umeshasahau ulikozaliwa? Piga yowe! Mtu akisikia yowe anatoka na alichoshika, hata kama alikuwa anakula. Asiyetoka anaitwa kikaoni ajieleze. Nimekulea tangu wazazi wetu walipoondoka, na hilo ndilo la kwanza nililokufundisha, kabla hata ya kusoma.

Hapa kwetu wezi wa mifugo walikuwa wametuzoea. Maksai wangu wawili walikwenda mwezi wa kumi na mbili, nikalima kwa jembe la mkono kama mtu asiye na kwao. Basi wiki iliyopita, alasiri, yowe likapigwa kwa Loisi, yule mjane wa bondeni. Nilikuwa natengeneza zizi. Nikachukua rungu, nikashuka. Nikamwona mtu anatoka mbio kwa Loisi, mgeni, anaelekea barabarani. Wa kwanza kumfikia nilikuwa mimi. Nilimpiga rungu la goti, nikasikia mfupa unavunjika, akaanguka. Wenzangu wakafika. Fimbo, mawe, mateke, hata jembe. Alikuwa anapayuka neno lile lile mpaka mdomo ukajaa damu akashindwa kulisema. Polisi walipofika walikuta maiti na sisi tumekaa kivulini. Nani kampiga? Yowe limempiga. Hakuna jela ya kulifunga yowe.

Tangu siku hiyo hajapotea hata mbuzi. Ninalala usingizi mzuri. Basi na wewe usiniaibishe huko.

Kaka yako,
Lameck

*

Japani, 30 Juni 2024

Kaka Lameck,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi nimepungukiwa jino la mbele, na midomo imevimba hata uji nakunywa kwa mrija. Nimepiga yowe.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nasonga ugali. Hana akaanza kulia ng'ambo ya ukuta, halafu sauti ikakatika ghafla, ukasikika mkwaruzo tu. Nikatoka na mwiko mkononi, nikasimama kwenye varanda ya ghorofa ya pili, nikapiga yowe la kwetu, lile la kutoka tumboni. Kaka, ndege waliruka kwenye nyaya. Nikaona mapazia yanatikisika, kisha yakatulia. Hakuna mlango uliofunguka. Nikapiga tena, nikalia kwa hasira, nikaingia kwa Hana peke yangu.

Mumewe alikuwa amezungusha nywele za Hana mkononi, anamkokota sakafuni. Nilimpiga na mwiko wa wifi utosini mpaka ukavunjika vipande viwili. Akanigeukia na ngumi, nikamng'ata mkono, sikuachia mpaka polisi walipotutenganisha. Na unajua nani aliwaita? Mpangaji wa chini, kushitaki kelele zangu.

Hana aliinama mbele ya askari akasema amejikwaa, na mgeni ameelewa vibaya. Sikumlaumu, ila niliumia kuliko jino. Askari mwenyewe alikuwa kijana mpole. Aliniuliza, "Uliona nini?" Nikamwambia nilisikia. Akasema, "Najua ulisikia. Uliona nini?" Akaniuliza hivyo mpaka nikamweleza zile nywele, mkono ule, damu sakafuni, kimoja kimoja. Akaandika, akaniambia Hana akibadili mawazo, maneno yangu yatamngoja.

Tangu pale swali lake halinitoki. Kwa hiyo na mimi nakuuliza wewe. Yule mtu, mliona ameiba nini? Alikuwa anapayuka neno gani? Na jina lake nani?

Mdogo wako,
Yudith

*

Haneti, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Yudith,

Marahaba. Pole na jino. Umeniuliza kwa barua, ukaniuliza tena kwa simu, mimi nikasingizia simu mbovu. Simu ni nzima.

Neno lenyewe lilikuwa "mtoto". "Mtoto! Mtoto!" Nililisikia vizuri maana nilikuwa karibu kuliko wote. Nilidhani anajiombea. Kila anayepigwa hutaja watoto wake ili ahurumiwe, nasi tumezoea kutosikia.

Loisi hakupiga yowe la mwizi. Binti yake Yasinta alikuwa ameumwa na nyoka ghalani. Yule mtu aliitwa Nurdini, mnunuzi wa mbuzi kutoka Chemba. Alikuwa amefika kwa Loisi kuuliza mbuzi, na alipomwona mtoto mguu unavimba, akatoka mbio kufuata pikipiki yake aliyoiacha barabarani, ampeleke zahanati. Ndipo alipokutana na rungu langu. Loisi alituona, akapiga kelele tuache. Tukadhani anatuhimiza. Akambeba mwanawe mgongoni akaenda kwa miguu. Yasinta yu hai, ila mguu wameukata.

Kikao kimekubaliana kwamba tulimpiga mwizi. Loisi ameambiwa akifungua mdomo atahama. Mwanne, mke wa Nurdini, alikuja kuchukua mwili. Alizunguka akituuliza mmoja mmoja, "Mume wangu aliiba nini?" Alipofika kwangu niliangalia viatu vyangu.

Na hili ndilo linalonitafuna. Kwamba Nurdini hakuwa mwizi nilijua jioni ile ile. Nilipokuandikia kwamba ninalala usingizi mzuri, nilikuwa nimeshajua.

Nionee huruma.

Kaka yako,
Lameck

*

Japani, 19 Agosti 2024

Lameck,

Shikamoo yako nimeiweka, maana sina wa kumpa.

Nimewachukia watu wa jengo hili. Nikipita kwenye ngazi nawatazama usoni nasema moyoni, mlisikia nyie, mlisikia mkafunga mapazia. Kumbe mwenye pazia zito kuliko wote ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka shule. Wao angalau hawakumuua mtu.

Unataka huruma yangu? Kamwombe Mwanne. Alikuuliza swali, na unalo jibu. Nenda Chemba ukampe. Usiniandikie kabla hujakwenda, na hilo neno kaka usilitie kwenye sahihi yako tena. Siku ukienda nitakuita mwenyewe.

Yudith

*

Rumande, Dodoma, 6 Oktoba 2024

Yudith,

Hujambo? Mwandiko huu usikushtue, natumia mkono wa kushoto. Hilda ataupiga picha akutumie.

Nilikwenda Chemba. Njia nzima nilipanga maneno ya adabu, na nilipofika uani kwa Mwanne yote yakanitoka. Mwanamke yule alikuwa anapepeta mtama, akaniangalia, akanitambua. Nikashindwa hata kubisha hodi. Nikapiga yowe.

Wakatoka, wanaume na wanawake, na fimbo, na mapanga. "Mwizi yuko wapi?" Nikasema ni mimi. Nimemuua Nurdini, hakuwa mwizi, alikuwa anafuata pikipiki ya kumwahisha mtoto wa watu zahanati, na wa kwanza kumpiga nilikuwa mimi.

Sikufichi, walinipiga. Mkono wa kulia umevunjika mara mbili, mbavu sijui, na sikio la kushoto halisikii tena. Nilikuwa nimejiapiza nitanyamaza. Fimbo ya kichwani iliponipata nikajisikia napayuka, "Joel! Devota! Wanangu!" Ni kweli mtu hutaja watoto wake. Basi nikafumba macho nikangoja jembe.

Aliyewazuia ni Mwanne. Aliingia katikati na ungo wake mkononi, akapigwa fimbo moja ya bega iliyokuwa yangu. Akawaambia, "Mkimuua huyu, nani atasema mume wangu hakuiba?" Wakatulia. Akaniinamia akaniuliza kama nilimpiga mumewe kwa nyuma au kwa mbele. Nikamjibu, kwa mbele. Akasema, "Basi aliwaona mnakuja, akadhani mnakuja kumsaidia." Kisha akarudi kwenye mtama wake akakaa. Hakulia. Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa yule mwanamke.

Polisi nimewaeleza kila kitu, na majina ya wenzangu. Kijijini wameichoma ghala yangu, na Hilda na watoto wamehamia kwa dada yake Ihumwa. Loisi naye ametoa maelezo. Alikwenda kituoni na Yasinta, mtoto anatembelea fimbo.

Nimekwenda, kama ulivyosema. Sikuomba chochote.

Lameck

*

Japani, 9 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo.

Nimeusoma mwandiko wako wa kushoto nikalia mpaka Hana akaja kugonga mlango. Alikuwa na begi. Jana alikwenda mwenyewe kwa yule askari kijana akasema yote, na maneno yangu yalikuwa bado yanamngoja. Mumewe wamemchukua. Sasa Hana amelala sakafuni kwangu, anaogopa kila kiatu kinachopita nje.

Bado nina hasira na wewe, na sijui itaisha lini. Mwakani nikirudi nitakwenda kwanza Chemba, kisha kwa Yasinta, kisha kwako. Nimemwambia wifi akikusomea hii akae upande wa sikio lako la kulia.

Shikamoo kaka. Marahaba yake utaiandika kwa mkono wowote.

Mdogo wako,
Yudith