Maneno ya Shangazi Niliyoyageuza

Ibra, 14 Novemba 1996

Dada yangu mpenzi Shukriya,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wanao, na kile kikohozi kiwe kimekuacha. Sisi alhamdulillahi, ila nimechoka, dada, uchovu usiotoka kwa kulala.

Nilikwambia nimepata kazi ya kumkalimania Bi Margit, mzungu anayetafiti maisha ya watu. Ni mama wa miaka hamsini, nywele ndefu za mvi, anakwenda pekupeku. Ujanani alimkimbia baba yake tajiri, akaishi shambani na vijana wenziwe waliokataa vita na mishahara, wakila sahani moja. Huko ndiko alikoapa kuwa utafiti usiomsaidia anayeulizwa ni wizi.

Basi aliposikia familia nane za mtaa wetu, zinazosema Kiswahili kama sisi, zitahamishiwa nyumba mpya, akasema atawapigania wabaki, ikiwa wenyewe hawataki kuondoka. Tukaenda kwa Shangazi Fakhriya, wanawake wakakusanyika kwa kahawa, nami nikawauliza wanataka nini. Shangazi akajibu kwa niaba yao: "Mwambie nimechoka kuteremka ngazi kuteka maji mferejini. Nataka bomba, nataka umeme. Wallahi, hata kesho nahama."

Bi Margit akaandika barua ya kupinga, akaipeleka ofisi ya serikali inayogawa nyumba, uhamisho ukasimamishwa. Baada ya miezi miwili Shangazi aliteleza kwenye ngazi zile, akavunjika nyonga. Sasa yuko kwangu, hageuki kitandani bila ya msaada.

Dada, maneno yake sikuyafikisha. Nilimwambia Bi Margit kuwa wote wanataka kufia katika nyumba zao za udongo. Nyumba yangu haikuwemo katika orodha. Wangehama wao, nami ningebaki kwenye kichochoro kile na majirani wasemao Kiarabu tu, bila ya mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Sina sababu nyengine.

Jana nilimweleza Bi Margit. Akasema, "Na mimi nilifurahi mno kusikia nilichokuja kukisikia, hata sikumtazama usoni." Leo amekwenda kuiondoa barua yake. Ameambiwa nyumba zile mpya wameshapewa wengine, familia zetu nane zisubiri.

Shangazi hajui. Kila nikimlisha ananiombea dua, anasema Mungu kampa mtoto mwema. Nikishaitia barua hii posta nitakwenda kumwambia, nisipate pa kurudi nyuma.

Nisalimie shemeji na watoto. Usiache kuniandikia, hata ukiwa na hasira.

Mdogo wako,
Ghaniya