Swali la Chipu Nzima

Dada yangu mpendwa,

Mama hajambo, na paa halivuji tena. Tangu nikuulize kwenye simu ni chipu ngapi hutoka nzima katika kila sahani ya silikoni kiwandani kwenu, hujanipigia. Ulisema tu, "Mdogo wangu, hilo usiniulize," ukakata simu.

Nilikuwa nimelipia haki ya kununua hisa za kampuni yenu baadaye kwa bei ya sasa, nikitumaini zitapanda. Sikufikiri kwamba jibu lako lingekufukuzisha kazi. Jana niliiuza haki ile kwa hasara. Sasa sina changu huko, ila udadisi haujaniisha. Hesabu zenu zifiche. Niambie tu: ni kweli chembe moja ya vumbi huua chipu? Na ukiwa ndani ya vazi lile jeupe, pua ikikuwasha, unafanyaje?

Mdogo wako msumbufu