Simu Haikukatika

Radka, nimefanya jambo la aibu.

Si unajua ile programu ya bure ya simu za intaneti tunayoitengeneza na Zhivko? Leo tumeijaribu, tukaagana, akabonyeza kukata. Haikukatika!

Nikamsikia akimwambia mkewe, "Daktari kasema nina saratani. Usimwambie Milko."

Milko ndiye mimi, Radka! Asiniambie mimi!

Na badala ya kukata, nikasikiliza. Dakika kumi nzima. Analia, nami nimejiziba mdomo.

Kosa lenyewe ni langu. Juzi aliniuliza, "Umekagua sehemu ya kukata simu?" Nikamjibu, "Acha woga, mzee." Sikuwa nimekagua.

Nimempigia nikakiri. Akasema, "Rekebisha kwanza, wengine wasisikike. Halafu njoo, mjinga wewe."

Nimesharekebisha. Kwenda ndiko ninakoshindwa.