Mtoto wa Tauba Bado Hana Jina

Botoșani, Alhamisi, 4 Novemba 1926

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako amepiga chafya, akajishtua mwenyewe, akafumbua jicho moja kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepiga. Halafu akalala tena. Ana siku tatu tu duniani na tayari anajua wa kumlaumu.

Habari za hapo Dorohoi? Miguu imepungua kuvimba? Sisi wazima. Maziwa ninayo mengi, mpaka mama mkwe ananiambia nifungue duka. Strul anatoroka kazini mara tatu kwa siku kuja kumtazama mwanawe, na tajiri wake amenuna.

Sasa jambo lenyewe. Tohara ni Jumatatu, siku ya nane. Jina la mtoto wa kwanza hutoka upande wa mama, kwa hiyo ni letu, wewe na mimi. Nataka aitwe Naftali, kama marehemu kaka. Sijamwambia mtu, hata Strul, maana jina halitajwi kabla ya siku yake. Lakini wewe ni lazima nikuombe. Mama mkwe ameshaanza kunizungukia na marehemu baba yake: "Mendel! Alikufa na miaka themanini na sita, meno yote mdomoni! Jina kama hilo unaliacha lioze?" Nimemjibu kwamba namngoja mama.

Njoo, mama. Ulete na ule mto wa manyoya ya bata bukini uliokuwa unaushona, tumbebe juu yake.

Mwanao,
Tauba


Dorohoi, Jumapili, 7 Novemba 1926

Tauba mwanangu,

Barua imefika. Namshukuru Mungu umejifungua salama. Miguu ni ile ile.

Jibu langu ni hapana.

Kaka yako aliishi miaka kumi na tisa. Jina la aliyekufa kijana hapewi mtoto, hilo unalijua tangu unanyonya. Mpe la babu Zalman aliyefika tisini. Mpe hata la huyo Mendel na meno yake, mimi sitanuna.

Siku ile bwawani ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukicheza na mbwa. Hukuona. Bwawa lilikuwa limeganda, na wanaume walikuwa wanakata barafu ya mchinjaji ya kuhifadhia nyama. Mimi nilisimama ukingoni na chungu cha maharage, nikamwita aje ale. Nilimwita kwa jina. Akageuka, akaja kwangu moja kwa moja badala ya kuzunguka pale barafu ilipokuwa nyembamba. Sasa unataka nisimame mlangoni kwako niite tena?

Mto umekwisha, hata foronya nimeitarizi. Lakini kwa jina hilo siutumi, wala siji.

Mama yako


Botoșani, Jumatano, 10 Novemba 1926

Mama yangu,

Vipi miguu? Na usiniandikie tena "ile ile". Niambie kama unatembea.

Jumatatu tohara haikufanyika. Mtoto amekuwa wa manjano, macho, tumbo, mpaka nyayo. Ngariba alimbonyeza pua kwa kidole akatikisa kichwa: "Huyu haguswi mpaka rangi yake irudi." Jua likichomoza tu namlaza dirishani. Sinagogi wanamwombea, na kwa kuwa hana jina wanasema tu "mtoto wa Tauba". Mama mkwe analia huku ananisema: "Siku ya kumi leo! Hata mbuzi wa jirani ana jina!"

Nisikufiche, nimeogopa. Nilidhani labda ni kweli usemavyo. Nikamtuma Strul kwa rabi aulize bila kutaja jina. Rabi akasema jina la aliyekufa kijana huongezewa la mtu aliyeishi sana, yatembee pamoja, mkubwa amshike mdogo mkono. Basi tunaye babu Zalman.

Na kuhusu bwawa. Ni kweli nilikuwa na mbwa, lakini ulipoita niliinua kichwa. Nilimwona uso wake, mama. Alikuwa anacheka. Alikuwa na njaa na ameitwa na mama yake.

Barua yako nzima hukuliandika jina lake hata mara moja. Miaka minane nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja. Mimi nikijisahau, ulikuwa unatoka chumbani. Sitaki libaki kule majini. Nataka liitwe kila siku, njoo ule, njoo uoge, shuka juu ya meza hiyo, mpaka majirani walichoke.

Mimi nimeshaamua. Ila ningefurahi tukiamua wawili.

Mwanao,
Tauba


Botoșani, Jumanne, 16 Novemba 1926, asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Siku sita sijapata jibu. Hata telegramu ya Strul ya juzi, kwamba tohara ni leo, hukuijibu. Sijui kama ni hasira au ni miguu. Naomba Mungu iwe hasira.

Mtoto rangi imerudi, amekuwa mwekundu, na sauti anayo mpaka ngariba jana alicheka. Anakuja saa nne. Samaki wameshaiva, watu wanaingia na matope yao hadi jikoni. Tutambeba juu ya mto wa mama mkwe, mgumu kama gunia la mahindi. Ameniuliza mbele ya wageni, "Vipi, mto wa mama yako unakuja kwa miguu?" Nimemchukua mtoto nikapanda naye juu.

Nakuandikia sasa hivi ili ulijue wewe kabla hawa wote hawajalisikia. Ni Naftali Zalman. Sikukuvunjia heshima, mama. Ukasirike kadiri upendavyo, ila siku utakayokuja usimwite "huyu mtoto". Mwite hata kwa sauti ya chini, nami nitakaa karibu yake nimshike, halafu tutamngoja pamoja aje kwa

Ngoja, mama mkwe anapiga kelele huko chini: "Tauba! Wewe Tauba! Weka kalamu! Kuna mwanamke mlangoni amelowa mpaka magoti, amekumbatia mto, haingii wala haniachii huo mto niupokee! Anaita Naftali, Naftali! Naftali ndiye nani humu ndani?"

Mama, nashuka naye, amefumbua macho yote mawili na