Plasta Juu ya Taa

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefika ofisini saa mbili kasoro. Nimewasha kompyuta, nikafagia veranda, nikarudi. Bado inazungusha kale kaduara kake. Nje baba yangu, dereva wa parokia, alikuwa anahangaika na gari. Waumini wanaliita Bi Harusi kwa sababu asubuhi halitoki mpaka libembelezwe. Leo vyote viwili vimewaka saa mbili na robo. Sijui nani kamwiga mwenzake.

Majina arobaini ya Kitabu cha Tatu cha ubatizo. Hiki ndicho mchwa walichokiingilia. Tangu Pasaka nasoma kilichobaki na kukiingiza kwenye mashine. Ukurasa ukiisha nauchoma nyuma ya jiko, maana mchwa wamo humo humo kwenye karatasi na wangehamia Kitabu cha Nne. Paroko aliruhusu.

Baba kaja kunywa maji akanikuta nabishana. Nataka kuzima, mashine inaniuliza kama nina uhakika. Akasema Bi Harusi ana adabu zaidi: akitaka kuzimika anazimika tu, hata mtoni, hamuulizi mtu.

Wakati wa kufunga, ule ujumbe wa kila siku. Kazi yako haina nakala. Uiweke sasa, au ukumbushwe baadaye? Nikabonyeza baadaye. Njaa ilikuwa inauma.

Jumatano, 9 Oktoba

Aibu. Mzee mmoja katoka Kasansa kwa baiskeli kufuata cheti chake cha ubatizo, anakihitaji kwa ajili ya kitambulisho. Mashine ikaamua kujisasisha. Usinizime, inasema, nimefika asilimia thelathini. Saa nzima na nusu. Mzee kakaa kwenye benchi na kofia mapajani.

Baba akapata la kusema. Fikiria, anamwambia yule mzee, uko katikati ya tope la mpunga, una mgonjwa nyuma. Gari linasimama lenyewe, linakwambia subiri, najiboresha. Likiwaka, breki imehamia kushoto na honi hujui iko wapi. Mzee wa Kasansa alicheka mpaka akakohoa.

Nilikasirika. Kwa sababu ni kweli. Baada ya kujisasisha nilitafuta kitufe cha kuchapa dakika kumi.

Nikamjibu kwamba kompyuta inapanga majina ya parokia nzima kwa alfabeti kabla hajapiga chafya, na Bi Harusi hajawahi kupanga hata benchi. Akasema sawa, ipakie magunia sita uipeleke Kasansa, tuone.

Kisha akasema neno ambalo limenikaa. Kompyuta ni gari lililochomelewa boneti. Dereva haruhusiwi kujua kinachomuua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Baba kaingia ofisini, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa. Akainamisha sikio kwenye kompyuta. "Mama, hii inagonga." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Nikasikiliza. Tik, tik, kimya. Tik. Nikamwambia ni feni. Akasema feni inapuliza, haigongi. "Kitu kinachozunguka kimeanza kuchoka. Shusha mzigo kwanza, ndiyo utafute fundi."

Nilicheka. Nina cheti cha kompyuta cha Mpanda, kipo ukutani, kina muhuri. Nikamuuliza fundi gani anatibu gari kwa kubandika plasta. Maana kwenye dashibodi ya Bi Harusi kuna taa ya onyo, imewaka tangu enzi za paroko aliyepita, na Baba ameibandika plasta ya kidonda. Anasema taa ile ni mwongo. Tumecheka wote wawili.

Chai ya jioni kamimina nusu kikombeni, nusu mezani. Nimefuta meza.

Jumapili, 13 Oktoba

Baba kampeleka Paroko kusoma misa kigango cha Kasansa. Wamerudi na mkwaruzo mrefu ubavu wa kushoto wa gari. Kisiki, kasema.

Baada ya misa ya hapa kwetu kamwamkia Mama Oresta wa kwaya akimwita Katekista. Watu wamechukulia ni utani. Mimi nilicheka kuliko wote. Sijipendi leo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tik imekuwa tak. Kutoa nakala nahitaji flashi. Yangu ina virusi vya kule steshenari, siwezi kuiingiza humu. Nitanunua nyingine siku ya mnada. Jumatatu, kwa vyovyote.

Nimefika ukurasa wa mwisho wa Kitabu cha Tatu. Nimeuchoma. Nilijisikia vizuri, nikanunua soda.

Jumatatu, 21 Oktoba

Imekufa.

Kioo cheusi, maandishi meupe, inasema haioni diski. Haioni! Nimezima nikawasha. Nimezima nikawasha. Nimechomoa waya nikaupuliza. Mwisho nikaipiga kofi ubavuni, mimi mwenye cheti.

Flashi mpya ilikuwa mfukoni mwangu, bado ina karatasi lake.

Kitabu cha Tatu hakipo tena. Karatasi ni majivu, na mashine ndiyo hiyo. Watu waliobatizwa katika miaka ishirini na zaidi. Wanaokuja hapa kuthibitisha walizaliwa lini, walioana na nani, wazikwe wapi. Marehemu mama yangu pia yumo, alibatizwa akiwa mtu mzima. Nilipoandika jina lake mwezi wa tisa nilipumzika kidogo, nikaendelea.

Baba kaja kusimama mlangoni. Hakusema "nilikwambia". Angesema ningepata nafuu.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimemweleza Paroko. Hakufoka. Kauliza kama kuna njia. Nikasema kuna fundi Mpanda, jirani na kituo cha mabasi, huwa anafufua diski. Akasema Alhamisi mzee wako atakupeleka na gari.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Paroko, baba yangu haoni vizuri. Sentensi fupi, hata mtoto anaiweza. Niliifikisha hadi kwenye meno. Nikasema asante Paroko.

Ana miaka arobaini na kitu kwenye usukani ule. Nikimtoa pale namweka wapi? Hilo ndilo linaloniziba mdomo. Na woga. Tuseme woga tu.

Alhamisi, 24 Oktoba, Mpanda

Naandika kwenye chumba cha wageni.

Tumeondoka nyumbani Usevya saa moja asubuhi, diski nimeifunga kwenye kitenge mapajani. Njia yote Baba anaendesha kwa masikio. Sikuwa najua mtu anaweza. Anajua daraja kwa mlio wa mbao, kona kwa mwangwi, lami mbovu kwa kiti. Tulipoingia hifadhini tukapandisha vioo kwa ajili ya mbung'o. Joto. Jua lilikuwa mbele yetu, vumbi jeupe.

Tembo alikuwa amesimama barabarani. Si pembeni, katikati. Nikangoja Baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikangoja tena, kidogo tu, kwa heshima. Heshima!

Nikapiga kelele: "Baba, tembo!"

Akauliza: "Wapi?"

Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Bi Harusi akazunguka robo, akazimika. Tembo alikuwa mbali kama kutoka ofisini hadi kisimani. Alitutazama, akatikisa masikio, akaingia porini taratibu. Baba bado alikuwa anageuza shingo kumtafuta.

Tumekaa. Injini inalia ting, ting, inapoa. Kisha kawasha gari, akaendesha pole pole mpaka Mpanda. Sikumnyang'anya usukani. Hata baada ya hapo, sikumnyang'anya. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye.

Ijumaa, 25 Oktoba

Fundi ni dada mdogo kuliko mimi, ana bisibisi nyuma ya sikio. Kafanya kazi tangu jana jioni. Ametoa karibu yote. Kilichopotea ni cha mwanzo wa Septemba kuja huku. Kurasa kama thelathini. Mama yumo kwenye hizo.

Akaniuliza, siyo kwa ubaya: "Dada, haikuwa inatoa onyo?"

Nikasema ilitoa. Kila siku. Ilikuwa inanipa nafasi ya kuahirisha, nikawa naahirisha.

Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Akauliza maswali mengi juu ya kile kitufe cha kuahirisha. Kinaandikwaje. Ukikibonyeza, kosa linaondoka au linakaa? Dada kamwambia linakaa, mzee, ila hulioni.

Tukatoka. Kwenye gari alifungua mlango wake, ila hakuingia. Kapapasa dashibodi mpaka akaipata ile plasta, akaibandua kwa kucha. Ilikuwa imekauka, ikatoka vipande vipande. Chini yake, alipozungusha ufunguo, kale kataa ka rangi ya chungwa. Kadogo. Kamewaka miaka yote hiyo.

"Inawaka?" akaniuliza.

Nikasema inawaka.

"Basi. Macho yangu yameanza tangu kabla ya Pasaka." Akanipa ufunguo.

Nikamwambia nilijua. Akasema na yeye alijua kwamba najua.

Leseni ninayo miaka sita, huwa naitoa kwenye kabati kuifuta vumbi. Sijawahi kumwendesha Bi Harusi. Kanizimikia mbele ya kituo cha mabasi, watu wote wanaona. Kanizimikia tena kwenye mzunguko. Mara ya tatu sikugusa klachi wala nini. Nikazima kabisa, nikahesabu mpaka kumi kama ninavyoifanyia kompyuta, nikawasha. Akawaka! Baba kacheka mpaka akashika mlango. Kasema miaka arobaini na kitu hakuwahi kuijaribu dawa hiyo.

Njiani ndiye aliyenifundisha. Hii ni gia inalalamika, hii ni tairi ya nyuma, hii si kitu. Mimi namwambia kinachoonekana, yeye ananiambia kinachosikika. Hifadhini hatukuona mnyama hata mmoja zaidi ya nyani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Baba kamweleza Paroko mwenyewe. Nilitaka kumsindikiza, akanikataza. Niliwaona kupitia dirisha, wamesimama kwenye jua. Paroko kamshika bega.

Tutapelekana hospitali kwa ajili ya macho. Mpaka atakapopatikana dereva, vigango ni mimi. Paroko amekwishaniomba nisiwe nazima na kuwasha akiwa ndani ya gari.

Ijumaa, 8 Novemba

Majibu. Jicho la kulia ni mtoto wa jicho, linafanyiwa upasuaji, tumepewa tarehe. La kushoto ni presha ya macho. Hilo limekwishakwenda. Daktari kasema mngekuja mapema kidogo. Kila fundi ana sentensi hiyo hiyo.

Nimelia bafuni. Tungemwahi. Ningesema Pasaka, labda tungemwahi. Baba kasema tusigawane kosa, halitatosha wawili.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Barabara ya Kasansa imekuwa uji.

Tumeanza kurasa zilizopotea. Paroko alitangaza, na wenye vyeti vya zamani wanaleta. Lakini wengi hawana. Leo nilikuwa nasoma majina niliyokumbuka kwa sauti, nakwama, na Baba alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri mvua ikatike.

Kaanza kunijazia. Huyo alibatizwa mwaka tuliokwama mtoni siku mbili, walikuwa watoto saba, wa mwisho ni pacha. Huyo ndiye aliyemtapikia padri kwenye kiti cha mbele. Baba ndiye aliyekuwa anawapeleka mapadri vigangoni. Hakumbuki kurasa, anakumbuka safari: tope, pancha, nani alipanda wapi. Tumepata majina ishirini na mawili. Tisa nimeyalinganisha na vyeti. Yote sahihi.

Jumapili, 24 Novemba

Mchana wa utulivu. Tumebaki wawili ofisini baada ya misa. Baba amefungwa jicho la kulia kitambaa, upasuaji ulikuwa juzi.

Nimefika kwenye mstari wa Mama. Nilikuwa nimeuruka wiki nzima. Nikasema nauandika sasa. Jina. Akalitaja lote, na la ukoo. Wazazi. Msimamizi wa ubatizo. Kote hakusita.

Kisha akasema kuna kitu hakijaandikwa kwenye kitabu. Siku ya ubatizo yeye ndiye aliyemleta Mama kutoka Kasansa, pamoja na wakatekumeni wengine waliokwenda kubatizwa. Alikaa nyuma, juu ya magunia ya mchele, hakusema neno. Karibu na kuingia Usevya gari liliharibika. Wengine wakashuka, wakamalizia kwa miguu. Mama alikuwa na viatu vya kuazima vinavyombana, akabaki kusubiri. Walisubiri saa nzima. Ndipo walipoongea mara ya kwanza.

Nikamuuliza liliharibika nini.

"Halikuwa na kitu," akasema. "Nililizima mimi."

Amelificha hilo miaka yote, hata Mama hakuwahi kuambiwa.

Mvua imeanza tena, ndogo. Nimeandika mstari wote. Nimehifadhi kwenye mashine, nikahifadhi kwenye flashi, nikachapa karatasi moja na kuiweka kwenye kopo la biskuti. Baba kaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado kidogo. Nikafungua nikausoma mstari ule tena, kuhakikisha upo.