Nilikutangaza Bila Kujua Ni Wewe

Mpendwa dada, Mama Kulwa,

Kila nilipokuja Kharumwa ulinipikia michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, kisha ukanikosoa. "Habari za ajali unazisoma kama bei ya dengu," ulisema. "Kwani waliokufa hawana majina?" Nilicheka tu, nikakueleza kwamba dakika za taarifa redioni ni chache.

Siku ile polisi walitujulisha kuwa gari dogo la abiria limepinduka njia ya Bulyanhulu. Niliandika mistari mitatu, nikaisoma saa saba mchana: mtu mmoja amefariki, chanzo ni uzembe wa dereva. Natoka studio, shemeji akapiga simu.

"Shemeji, hilo gari ulilolitangaza, Mama Kulwa alikuwemo."

Dada, nilikuwa nimekutangaza mwenyewe, halafu nikaendelea na matokeo ya mpira.

Msibani alikuja mzee mmoja, mkono umefungwa plasta. Siku ile alikaa kiti cha mbele cha gari lenu. "Mimi nilikuwa nimefunga mkanda," aliniambia, kama anayeomba radhi. Nikamuuliza askari wa barabarani kwa nini ninyi wa nyuma hamkufungishwa. Akainamisha kichwa. "Sheria inambana dereva na wa mbele. Wa nyuma siwezi kumwandikia kosa."

Tangu hapo siandiki "uzembe" nikaishia hapo. Nauliza majina, mikanda, mwendo, barabara yenyewe ilivyo, na kesi naifuatilia mpaka hukumu. Mhariri hulalamika kwamba narefusha. Mbunge mmoja nilimhoji hewani, nikamwuliza sheria itarekebishwa lini. Akajibu kuwa suala linafanyiwa kazi. Bado namwuliza.

Kulwa na Doto wanakukumbuka sana, hasa Doto. Mayu, mama yetu, sasa ndiye anayewasuka nywele, japo macho yake hayaoni vizuri, na mistari hupinda. Hawalalamiki.

Wiki iliyopita nilipanda gari la Masumbwe, nikakaa nyuma, nikautafuta mkanda. Ulikuwa umefukiwa chini ya kitambaa cha kiti.

"Kaka, huko nyuma hakuna trafiki atakayekuuliza," dereva alisema.

Nikamweleza habari yako, yote, mbele ya abiria wenzangu. Dereva alizima gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kuanza kukichana kile kitambaa kwa kisu, mkanda mmoja baada ya mwingine, mpaka yote mitatu ikatoka.

Nakulilia bado, dada.

Mdogo wako wa tumbo moja